Sitini, Siyo Thelathini

Kashata za Bernadine Kosek ndizo zilizomvunja Verlene Pokorny meno mawili ya mbele, na mpaka leo wapo watu katika ukumbi wa Wacheki wa Marekani wanaoapa kwamba haikuwa ajali. Bernadine alikitamani kiti cha Verlene kwa miaka mingi. Kilikuwa kiti cha mbao cha kawaida tu, kilichowekwa jukwaani kila Ijumaa jioni karibu na tufe la waya lenye vipira vya namba, na aliyekikalia ndiye aliyewatangazia watu namba za bingo, nao wakaziziba kwenye kadi zao. Mchana kutwa Verlene alisimama kwenye mashine ya kufunga mifuniko katika kiwanda cha matango ya siki cha Ostrander, na hapo hakuna aliyemsikiliza. Lakini akipanda jukwaani na kutaja namba, hata padri alinyamaza.

"Nilikwambia nyonya, usitafune," alisema Bernadine siku ile, sahani ya kashata ingali mkononi.

"Thawa," alijibu Verlene, kiganja mdomoni. "Thawa, Bernadine. Nimethikia."

Wakatazamana. S ilikuwa imeondoka.

Ijumaa iliyofuata alipanda jukwaani kama kawaida. Zawadi kubwa ilikuwa bata mzinga, kwa kuwa sikukuu ya Shukrani ilikuwa inakaribia. Verlene akachota kipira, akakiinua, akatangaza herufi ya safu na namba, "O, thabini na mbili." Nusu ya ukumbi wakaziba sabini na mbili, nusu nyingine wakaziba sitini na mbili. Wakasimama wazee wawili kwa pamoja, kila mmoja akidai bata wake. Mmoja alikuwa Orville Hruska wa mapipa ya kulowekea matango, mwenzake Verlene kiwandani, mtu asiyesikia vizuri hata namba ikitajwa na mwenye meno yote.

"Verlene, mama, umetaja sitini au sabini?" aliuliza Orville.

"Nimethema thabini."

"Ndiyo hiyo hiyo tunauliza," Orville akasema. "Sabini ya kwako au sitini ya kwako? Maana zote zinavaa kofia moja siku hizi."

Ukumbi ulicheka mpaka chai ikamwagika. Verlene naye alicheka, kwa mdomo uliofungwa. Kamati ya ukumbi haikucheka. Ilimwita pembeni na kumwambia kwa upole, upole ule unaouma kuliko matusi, kwamba atapewa muda hadi mwisho wa Januari. Asipoweza kutaja namba wakati huo, kiti kitakwenda kwa Bernadine.

Daktari wa meno alichungulia, akagusagusa, akasema kazi inawezekana. Kisha akataja bei, na Verlene akafunga mdomo mwenyewe bila kuambiwa. Ilikuwa zaidi kidogo ya dola elfu tatu. Bima ya kiwanda ililipia goti, ikalipia nyongo, ikalipia hata kidole cha mguu, ila meno iliyahesabu kama mapambo. Nani aliyekaa kwenye meza gani akaamua kwamba mdomo si sehemu ya mwili, hilo halijawahi kuelezwa, na waliouliza waliambiwa wasome kijitabu.

Mambo yakiwa hivyo, katikati ya Novemba bosi alishuka sakafuni na maboksi ya donati.

Baba yake bosi aliitwa na kila mtu Bwana Ostrander, na hakuwahi kushuka na chochote. Huyu wa sasa alikuwa na meno meupe, sweta la bei, na kauli moja aliyoipenda mno: "Niiteni Kip tu. Hapa sisi ni familia." Watu waliozoea kuitwa familia na bosi hushika mifuko yao ya nyuma. Walimwita Kip, wakachukua donati, wakasubiri kusikia familia inatakiwa itoe nini.

Ilitakiwa ijiunge na mfuko wa matibabu.

Mfuko wenyewe ulikuwepo siku zote. Mtu anachagua kiasi kikatwe kwenye mshahara wa kila wiki kabla kodi haijakiona, kisha akinunua miwani, dawa au kifaa cha kusikia, au akitengeneza meno, anarudishiwa kutoka mfukoni humo. Kwenye karatasi ulikuwa mtamu. Ila ulikuwa na mwiba: usipoitumia fedha yako mwaka ukaisha, siyo yako tena, inabaki kwa kampuni. Na hakuna aliyeujua mwiba ule kama Verlene. Marehemu mumewe, Leonard, mtu wa mapipa kama Orville, aliwahi kukatwa mwaka mzima akijiwekea fedha ya vifaa vya masikio. Alikuwa anaahirisha, leo kuna kazi ya ziada, kesho kuna theluji. Akafa Novemba. Verlene alipokwenda ofisini kuulizia, aliambiwa pole sana, na aliambiwa pia kwamba maiti haina gharama za kusikia. Fedha ikabaki kwa Ostrander. Masika yaliyofuata, pale getini, likasimamishwa tango kubwa la plastiki lenye tabasamu. Kampuni ilisema ni la matangazo. Verlene alisema ni masikio ya Leonard, na kila mwaka tangu hapo, majira ya kujiandikisha yakifika, alipita mashine kwa mashine akiwaambia wenzake wasitie sahihi. Hawakutia. Mfuko ukabaki wa watu wa ghorofani tu, kwenye mazulia: Kip, mkewe, na wakuu wengine, na watoto wao wenye waya kwenye meno.

Sasa Kip alikuwa amekuja na mgeni, mama mmoja kutoka Cleveland aliyeitwa Bi. Sosa, mshauri wa mambo ya mifuko na kodi. Alisimama mbele ya meza za chakula akiwa ameshika kikombe cha kahawa, bila tabasamu la kuuza kitu.

"Nitasema kwa ufupi," alisema. "Serikali inaacha kutoza kodi fedha za mfuko huu kwa sharti. Mfuko usiwapendelee wenye mishahara minono. Kila mwaka unapimwa kwa mtihani. Ukionekana unawanufaisha wakubwa tu, basi wakubwa hao, kile walichorudishiwa kinahesabiwa kama mshahara. Kinatozwa kodi."

Watu waligeuka kumtazama Kip.

"Rudia hapo, mama," alisema Orville kutoka nyuma. "Polepole. Mimi masikio yangu mabovu."

Bi. Sosa akarudia. Orville akamwomba arudie tena. Mara ya tatu hata walioshika donati waliziweka chini ili wasikie vizuri.

"Kwa hiyo Kip amefeli mtihani," akasema Bernadine, aliyefanya kazi kwenye mashine ya vibandiko.

"Hatuiti kufeli," alisema Kip.

"Tunaiita hivyo," alisema Bi. Sosa.

Kip akacheka peke yake. Akaeleza kwamba ni suala la kushiriki tu, kwamba wakijiunga wengi wa kutosha mwaka ujao utakuwa sawa, kwamba yeye anawafikiria wao. Alisema neno afya mara nyingi kuliko daktari. Watu walimtazama Verlene. Miaka yote hii yeye ndiye aliyesema hapana kwa niaba yao, na hapana yake ilikuwa haijawahi kuwa na thamani kubwa kama asubuhi ile.

Verlene alisimama. Alijua watamcheka, akaamua wacheke.

"Mimi nina thwali."

"Karibu, Verlene," alisema Kip. "Swali lolote."

"Thiongei na wewe. Namwuliza Bi. Thotha." Kicheko kikapita mezani. Bi. Sosa hakucheka, alisubiri. "Mume wangu alikatwa mwaka mzima. Akafa Novemba. Fedha ikabaki hapa. Thawa. Thatha mimi nikijiunga, Januari nikatiwa meno, yote, bei yote. Halafu Februari nife. Fedha niliyokatwa ni ya wiki tano. Iliyobaki nani analipa? Mtakuja kuyang'oa kwenye jeneza?"

Bi. Sosa aliweka kikombe chini. Ilionekana katika kazi yake hiyo swali hili huwa haliulizwi na watu wanaokula donati, nalo alilipenda.

"Hapana," alisema. "Kiasi ulichochagua kwa mwaka mzima ni lazima kiwe tayari kwako tangu siku ya kwanza ya mwaka, hata kama umekatwa wiki moja tu. Ukifa, au ukiacha kazi, au ukifukuzwa, kampuni haikudai. Hasara ni yake. Sheria iliona kwamba kama kampuni inakula kilichobaki Desemba, basi na yenyewe ibebe hatari ya Januari."

"Hata nikithtaafu?"

"Hata ukistaafu."

Kip alikuwa ametia mdomoni kipande cha donati, kikabaki shavuni hakitafunwi. Alimgeukia mshauri wake akamwuliza kwa sauti ya chini, ila chumba kile kilikuwa cha zege na kila mtu alimsikia, "Hivi ndivyo ilivyokuwa siku zote?"

"Siku zote, Kip. Iko kwenye kijitabu."

Sasa tuseme ukweli. Sheria hiyo ilikuwepo Leonard akiwa hai. Ilikuwepo tango likisimamishwa. Angeweza kununua vifaa vyake Januari, akasikia kengele za kanisa mwaka mzima, na akafa Novemba hana deni na mtu. Hakuna aliyemwambia. Kampuni zina watu wa kuwafafanulia wakubwa kila mwanya wa kodi, na mfanyakazi anapewa kijitabu chenye maandishi ya kusoma kwa darubini. Verlene alikaa chini. Hasira aliyokuwa akiipikia kampuni miaka yote aliikuta na kipande chake mwenyewe ndani, kwa kuwaambia watu wasitie sahihi badala ya kuwaambia waulize.

Akasimama tena. "Jiandikitheni," alisema.

"Verlene Pokorny anauza mfuko," alisema Bernadine. "Leo nimeona mambo."

"Thiuzi. Jiandikitheni wote mnaotaka miwani, mathikio, meno. Na mtumie Januari. Mthithubiri theluji iyeyuke."

Orville alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Wazee wa mapipa wote walikuwa hivyo hivyo. Walitazamana kwa furaha ya watoto waliokuta jiko halina mtu: ukitumia yote Januari ukastaafu Februari, iliyobaki analipa Ostrander.

Kip hakuweza kuufunga mfuko, kwa sababu bila wafanyakazi hao, watu wa ghorofani wangetozwa kodi. Akatabasamu kwa shida, akasema hii ndiyo maana ya familia.

Kujiandikisha kulifanyika kwa simu. Zamani palikuwa na mama ofisini, Roselma, aliyemjua kila mtu na watoto wake, lakini Kip alimpunguza kazini ili kubana matumizi na mahali pake akaweka sauti ya mashine. Sauti hiyo ilikuwa ya kike, tulivu, isiyochoka wala kuelewa. Namba yako ya kazi ulibonyeza kwa vitufe, lakini kiasi ulitakiwa kukitamka kwa mdomo. Mwisho ulikuwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, na kiasi ukishakithibitisha na muda kupita, hakibadilishwi mwaka mzima.

Verlene alikuwa amepiga hesabu na daktari wa meno. Alihitaji dola sitini kwa wiki. Ijumaa hiyo, wakati wa mapumziko ya mwisho, alisimama kwenye simu ya ukutani ya chumba cha chakula, wenzake wamemzunguka.

"Taja kiasi unachotaka kikatwe kila wiki," ilisema mashine.

"Thitini."

"Umesema: thelathini. Kama ni sahihi, sema ndiyo."

"Hapana. Thitini."

"Umesema: thelathini."

"Mwambie sitini," alisema Orville.

"Namwambia hivyo hivyo."

"Sema arobaini. Arobaini haina S," alishauri mtu.

"Arobaini haitothi."

"Umesema: tisa," ilisema mashine, iliyokuwa ikisikiliza yote. "Kama ni sahihi, sema ndiyo."

Verlene akakata simu kabla mtu hajasema ndiyo kwa bahati mbaya. Orville akaenda kwenye pipa, akachonga kipande cha tango kwa kisu chake cha mfukoni, akakiingiza kwa uangalifu mahali palipokuwa na meno ya Verlene. Kilikaa vizuri mno. Verlene akapiga tena, ladha ya bizari na siki ikimjaa kooni.

"Shitini," alisema kwa heshima zote.

"Umesema: ishirini."

Hapo hata Verlene alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka jino la tango likaruka likagonga kioo cha simu. Lakini alipotazama saa ya ukutani kicheko kilimkauka. Zilibaki dakika chache. Thelathini ingemletea jino moja, na mtu mwenye jino moja jipya bado anasema thabini. Januari ingeisha, na kiti kingeondoka. Sauti ile aliyoipenda, ya yeye mwenyewe ikitua juu ya vichwa vya watu na watu wakaitii, asingeisikia tena.

"Mtu amsemee," alisema Orville. "Mimi sitasikia ikiniuliza."

Watu wakatazamana, kisha mmoja mmoja wakamtazama Bernadine. Alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani, vibandiko vya matango vimemganda kwenye aproni. Bernadine alikuwa na sauti nzuri. Kila mtu alijua ana sauti nzuri, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Miaka yote ya bingo alikuwa akirudia namba chini chini pale kwenye kiti chake, kidogo tu baada ya Verlene, kama mtu anayefanya mazoezi.

"Msinitazame hivyo," alisema.

"Hakuna aliyekutazama," alisema Verlene.

"Wewe ndiye unanitazama zaidi."

"Natazama mlango. Umethimama mlangoni."

Bernadine akavuta pumzi. "Unajua nikisema sitini najikata mwenyewe, kiti kinabaki kwako."

"Najua."

"Na kashata zile sikuzitia mawe. Nilizichoma kidogo zaidi, basi. Jiko langu linachoma."

"Thijathema kitu."

"Umesema kwa kila mtu mjini, Verlene. Ila hakuna aliyekuelewa."

Akaja akachukua mkono wa simu. Verlene alibonyeza namba yake ya kazi. Mashine ikauliza. Bernadine akanyoosha shingo kama aliyekwisha kukaa jukwaani, akasema, "Sitini," safi, kila herufi na mahali pake, mpaka watu wa kwenye mashine za jirani waligeuka.

"Umesema: sitini. Uamuzi huu hautabadilika kwa mwaka mzima. Kama ni sahihi, sema ndiyo."

Simu ilikuwa kwenye sikio la Bernadine, na macho yake yalikuwa kwa Verlene. Saa ya ukutani ilisogea.

"Unataka niseme?" aliuliza.

"Nataka."

"Ndiyo," alisema Bernadine kwenye simu, kisha akaitundika kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. "Sasa mnunulie jiko langu kidhibiti joto. Au hilo mfuko haulipii?"

"Haulipii," walisema watu wanne kwa pamoja, maana wiki ile wote walikuwa wamekisoma kijitabu.

Verlene alikwenda kwa daktari wa meno mara sikukuu za mwaka mpya zilipokwisha. Bei yote ililipwa na mfuko ambao yeye alikuwa amekwishautilia fedha ya wiki moja tu. Orville akapata vifaa vya masikio, na siku ya kwanza alilalamika kwamba kiwanda kina kelele na kwamba kumbe mkewe anaongea. Wa mapipa wengine walipata miwani. Watu wa ghorofani nao waliendelea kuficha fedha zao kodi isizione kama zamani, kwa kuwa mtihani safari hii Kip aliufaulu, na mtu asidhani walifundishwa adabu. Hawakufundishwa. Walichofundishwa ni kuogopa kidogo, na hilo nalo si haba.

Ijumaa ya mwisho ya Januari Verlene alipanda jukwaani. Akachota kipira, akakisoma, akatulia kama zamani. "O," alisema. "Sitini na sita." Watu wakaziba namba moja, wote ile ile. Bernadine, kwenye kiti chake cha mbele, hakurudia chini chini. Aliziba yake na kumeza mate.

Jumatatu Kip alishuka sakafuni bila donati. Alizunguka zunguka kwenye mapipa akiwauliza wazee kama miguu inaendeleaje, kama kifua kiko sawa, kama baridi haiwasumbui. Mwisho akafika kwenye mashine ya mifuniko, akasimama karibu na Verlene, akajifanya anakagua chupa.

"Umependeza," alisema. "Meno mazuri sana."

"Asante, Kip."

"Na... nasikia watu wanaongea. Orville amekuwa akiuliza juu ya tarehe za kustaafu. Wewe hufikirii mambo hayo, sivyo? Mwaka huu, namaanisha. Maana ni mapema sana mwaka huu."

Verlene alisimamisha mashine. Alikuwa hajawahi kuisimamisha bosi akiwa karibu. Akamgeukia na kumtazama kwa upole, akatabasamu kwa meno yote, yale ya zamani na yale mawili aliyolipiwa.

"Sijui, Kip," alisema. "Siku hizi sisemi sana. Nasikilizia."